Noti Zinazonuka Moshi

Sehemu ya saba

Tulimwacha Elsie amepiga magoti mbele ya mashine ya chenji, mlango wake wa chuma uko wazi, na noti iliyokwama kooni mwa mashine imo mkononi mwake. Aliinua noti ile hadi puani.

Moshi.

Moshi wa kukaushia kambare.

Elsie hakupiga kelele. Aliifunga noti kwenye ncha ya leso yake, akafumba macho, akaomba kimya: Baba, kama ni yeye, usinifiche. Kama si yeye, usinitese.

Nyuma yake honi ikalia.

"Mathe!" akaita makanga wa basi la Lamu. "Mashine imekufa, ama mnaombeana?"

"Imekwama. Subiri."

"Nisubiri aje? Msafara wa askari wa kutusindikiza unaondoka sasa hivi, na abiria wangu wote wameshika noti. Nivunjie hii mia niende zangu."

"Umeosha gari?"

"Nimeosha!"

Elsie alilitazama basi. Tope la Garsen lilikuwa limepanda hadi madirishani. Tairi moja la mbele ndilo lililomwagiwa maji.

"Umeosha tairi," akasema.

"Kwani tairi si gari?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Elsie hakucheka. Alikuwa akiwatazama mmoja mmoja.

Msomaji uliyetukuta njiani, usijali, nitakusogezea kiti. Gershom, mume wa Elsie, alikuwa mvushaji wa watu kwa mtumbwi katika Mto Tana. Mafuriko ya El Nino yalipokuja, mto ukatoka kitandani mwake ukalala mashambani, na Gershom akaondoka asubuhi kwenda kuvusha watu. Mtumbwi ulionekana umepinduka. Mwili haukuonekana.

Nauli zake Gershom alizitia katika kipande cha mwanzi, akakitundika juu ya meko, pale anapokaushia samaki, ili noti zilizolowa zikauke. Noti zilitoka humo zimejikunja kama jani kavu la mgomba, zinanuka moshi. Wenzake walimcheka. "Pesa za Gershom," walisema, "ukikosa kitoweo unazila na ugali." Siku aliyopotea, mwanzi ule ulikuwa kiunoni mwake.

Na sasa noti yake iko hapa Minjila, njia panda ya Garsen, kwenye tumbo la mashine.

Elsie alifikiri haraka. Alikuwa ameondoka kwenye kiti chake kidogo tu, kwenda kutia dizeli kwenye jenereta. Aliporudi alikuta mashine imekwama. Kwa hiyo noti haikuingia jana wala juzi. Imeingia sasa hivi. Na aliyeiingiza hajapata chenji yake.

Kwa hiyo bado yuko hapa.

Katika foleni walikuwapo makanga yule, dereva wa lori la ng'ombe, bwana mmoja mwenye kanzu anayewahi swala ya Ijumaa, na mama wa Kiorma aliyekuja na punda na madebe ya maziwa. Elsie aliwatazama nyuso. Nyuso hazikumwambia kitu.

"Mama Teresia!"

Elsie aligeuka. Mzee Kavumbi, mwenye mali, alikuwa akija na gunia dogo begani, uso unang'aa kama mtu aliyepata mtoto wa kiume uzeeni.

"Funga huo mlango," akasema. "Leo ndiyo mwisho wa wizi."

"Wizi gani, Mzee?"

"Wa chenji! Unauliza nini nawe?"

Mzee Kavumbi alikuwa fundi bandarini Mombasa kwa miaka mingi. Alipostaafu alinunua mnadani mashine nne za kurusha maji na moja ya kuvunja pesa, akazisimika hapa njia panda na kupaita Osha Mwenyewe. Unatumbukiza sarafu katika kisanduku, maji yanatoka kwa nguvu, unaosha gari lako kwa mkono wako. Asiye na sarafu anaipa mashine noti, nayo inamrudishia sarafu. Jambo zuri, la kisasa.

Lakini Mzee alisahau nchi anayoishi. Garsen nzima ilikuwa na njaa ya sarafu. Dukani ukidai chenji unapewa peremende, au njiti za kiberiti. Basi makanga, wauza maziwa, wenye vioski, wote wakaigeuza mashine yake kuwa benki. Kabla ya adhuhuri ilikuwa tupu, na mwenye gari lililojaa tope anaondoka akimlaani Kavumbi na ukoo wake. Ndipo alipoandika kwenye ubao: CHENJI NI KWA ANAYEOSHA TU. Akamweka Elsie kwenye kiti kulinda amri hiyo.

Sasa alilifungua gunia, akachota mkono mzima wa vipande vya shaba vyenye tundu katikati.

"Tokeni," akasema. "Kuanzia kesho asubuhi mashine itameza noti, itatoa hizi. Hazinunui chumvi. Hazilipi nauli. Kazi yake moja tu, kutoa maji yangu. Tuone nani atakuja hapa kuvunja pesa!"

Siku nyingine Elsie angemshukuru Mungu. Amri ile ilikuwa imemletea matusi ya kutosha. Lakini leo aliogopa.

Mashine ikitoa vipande vya shaba, mwenye noti za moshi hatakuwa na sababu ya kurudi. Mlango mmoja tu ulikuwa umebaki kati yake na Gershom, na Mzee huyu alikuwa ameleta kufuli.

"Mzee wangu, ngoja wiki moja."

"Ningoje nini?"

"Nakuomba tu."

"Mama Teresia, wewe ni mtu wa kanisa. Unatetea wezi?" Akasogea karibu, akashusha sauti. "Na leo nimewaita askari wawili pale kizuizini. Wanamaliza chai yao wanakuja. Atakayechukua chenji bila kuosha analala ndani. Nataka mmoja tu, wengine waone."

Akaenda kuwalaki.

Elsie alikuwa hajameza mate aliposikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Enos, mdogo wake Gershom. Panga lilikuwa limefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira.

"Shemeji."

"Enos. Nyumbani salama?"

"Si salama sana. Mama hali chakula. Anasema kila alfajiri anasikia kasia linapiga maji nyuma ya nyumba. Tukitoka hatuoni kitu." Enos aliangalia chini. "Wazee wamekaa jana. Wamesema inatosha. Kesho tunazika."

"Mnazika nini?"

"Shina la mgomba. Litavikwa sanda, litaombewa, litawekwa kaburini badala yake. Roho yake ipate pa kulala. Na wewe ukae eda yako kama wajane wengine, kuliko kuishi hivi, si mke si mjane."

"Nimeshawaambia sitaki."

"Shemeji, sikuja kubishana." Akakohoa. "Wamenituma nikuulize urefu wake. Shina lisiwe fupi. Nimejaribu kukumbuka nikashindwa. Wewe ukisimama naye, alikuzidi hadi wapi?"

Elsie alimtazama shemeji yake, na machozi yakakataa kutoka.

"Mtu aliye hai hapimwi, Enos."

"Shemeji..."

"Nenda. Waambie nimesema hapimwi."

Enos alisimama kidogo, akapanda baiskeli, akaenda. Panga likawa linagonga chuma kila gurudumu lilipoingia shimoni, na Elsie alilisikia hadi likapotea.

Kesho tokeni. Kesho mgomba. Alikuwa amebakiwa na leo.

"Mathe, hiyo mashine!" makanga akalia.

Elsie aliufunga mlango wa chuma. Mashine ikanguruma. Akarudi kwenye kiti chake, na safari hii hakuangalia nyuso. Aliangalia mikono.

Makanga aliilamba noti yake kwa mzaha, akaitumbukiza. Ilikuwa noti nyoofu. Ikapita. Akazoa sarafu, akarukia ngazi ya basi linaloondoka, huku anacheka. Elsie alimwacha. Dereva wa lori akafuata. Noti yake ilikuwa chafu lakini nyoofu. Bwana wa kanzu naye, nyoofu.

Mama wa maziwa alikuwa amelaza noti kwenye paja lake, anainyoosha kwa kiganja. Anainyoosha, inajikunja. Anainyoosha, inajikunja.

Elsie alisimama.

"Mama," akasema polepole, "hiyo pesa umeitoa wapi?"

Mama yule aliinua macho. Alikuwa mtu mzima, mrefu, shuka jeusi kichwani, macho ya mtu asiyezoea kuulizwa.

"Mimi hapana mwizi."

"Sijasema wewe ni mwizi."

"Mimi Gumato. Minjila yote inajua maziwa yangu. Hii hapana yangu, hii sadaka. Kila Ijumaa mimi navunja, napeleka mlango wa msikiti, maskini wengi, kila mkono sarafu moja. Noti moja utampa nani? Ataondoka nayo mtu mmoja, wengine watabaki wanakodoa."

"Sadaka ya nani?"

"Ya mtu amekufa na maji."

Jenereta ilinguruma. Elsie alishika ukingo wa mashine.

"Anaitwa nani?"

Gumato alisita, kama mtu anayekanyaga udongo asioujua.

"Gershom," akasema.

Ndugu msomaji, kuna watu ambao kwa miezi wameomba wapewe jibu, na jibu likija wanatamani lirudi lilikotoka. Elsie alisikia jina la mumewe likitoka katika kinywa cha mgeni, nalo limeambatana na kifo. Alitaka kuketi. Kiti kilikuwa mbali.

"Ni mume wangu," akasema.

Gumato aliziachia noti. Zikaanguka juu ya saruji iliyolowa, zikajiviringisha zenyewe.

"Wewe mke yake? Iko mke?"

"Niko. Na mtoto wake yuko, Teresia. Mama, kwa jina la Mungu, amezikwa wapi?"

"Kwetu. Upande ule wa mbuga. Mtoto yangu Jilo alichimba kaburi." Gumato alizitazama noti zilizoanguka. "Jilo ndiye anatoa hii pesa. Anasema, mama, toa sadaka ya Gershom. Kila Ijumaa anasema."

"Nipeleke."

Gumato alikuwa akitazama nyuma ya Elsie.

Mzee Kavumbi alikuwa anakuja na askari wawili, mmoja anajifuta mdomo.

"Huyo!" Kavumbi akaita kutoka mbali. "Huyo mama wa maziwa! Nimemwona Ijumaa iliyopita pia, nikadhani macho yananidanganya. Gari lake liko wapi? Ameosha nini?"

Gumato aliangalia huku na huku. Mke wa marehemu mbele, askari nyuma. Akichukuliwa sasa, kaburi la Gershom litaondoka naye. Kesho mgomba utavikwa sanda.

Elsie hakufikiri mara mbili. Alitoa sarafu yake mwenyewe kwenye leso, akaitumbukiza katika kisanduku cha karibu, akashika bunduki ya maji, na kumwelekezea punda.

Maji yalitoka kwa kishindo. Punda alipiga mateke, akalia kilio kilichosikika hadi Garsen, madebe yakagongana. Tope likambanduka ubavuni kama koti linalovuliwa. Watu wakaja mbio kutazama.

"Mama Teresia!" Kavumbi alipiga kelele. "Una wazimu?"

"Anaosha, Mzee."

"Anaosha nini?"

"Usafiri wake. Ubao unasema chenji ni kwa anayeosha. Haukusema anayeosha gari."

Askari mmoja alienda kuusoma ubao. Akausoma tena, akaanza kutikisika mabega.

"Mzee," akasema, "ni kweli. Gari halikuandikwa."

"Punda ni gari?"

"Mimi nimeona magari hapa Minjila yanayoshindwa na huyu punda."

Kicheko kilizuka. Mzee Kavumbi alisimama katikati ya kicheko kile, mishipa ya shingo imemsimama, akamnyooshea Elsie kidole.

"Ukitoka hapa leo na huyo mama, usirudi. Kiti hicho nitampa mtu mwingine. Umesikia?"

Elsie aliangalia kiti. Ndicho kilichokuwa kikimlisha Teresia.

"Nimesikia, Mzee. Mungu akubariki kwa siku zote ulizonipa."

Akaziokota noti kutoka kwenye saruji, akamwekea Gumato mkononi. Akamshika punda hatamu.

"Twende, mama."

Walipita kwanza mlangoni pa msikiti. Noti alizochukua Gumato hazikuwa zimevunjwa, kwa hiyo Elsie alitoa sarafu zilizokuwa za chakula chake cha mchana, na Gumato akazigawa. Mzee mmoja kipofu alipokea yake akauliza, kama alivyouliza kila Ijumaa, "Ya nani leo?"

"Ya Gershom," Gumato akajibu.

"Mungu amrehemu Gershom."

Elsie alisikia watu asiowajua wakimwombea mumewe kwa jina, mmoja baada ya mwingine. Ndipo machozi yakatoka. Kanisani kwao walikuwa wameacha kumtaja.

Baadaye wakaiacha njia na kuingia mbugani. Mafuriko yalikuwa yameondoka lakini yaliacha alama. Majani makavu yalining'inia juu ya matawi ya miti, mahali maji yalipofika, juu kuliko kichwa cha mtu. Elsie alitembea chini ya majani yale kama anayetembea chini ya mto wenyewe.

Akawaza: angalau liko kaburi. Nitamwambia Enos aache mgomba. Nitamleta Teresia, aweke maua. Nitalia mahali pamoja badala ya kulia kila mahali. Asante, Baba. Si nilichoomba, lakini asante.

"Alikuwa na jeraha?" akauliza.

Gumato alikuwa mbele. "Nani?"

"Gershom. Alipopatikana."

Gumato aliendelea kutembea, na kadiri walivyokaribia kwake ndivyo alivyozidi kupunguza hatua, hadi punda akawa anamsukuma kwa pua.

Jua lilikuwa limeinama walipofika. Nyumba zilikuwa chache, za mviringo, za mikeka na fito. Mbali kidogo na nyumba, peke yake, palikuwa na rundo la udongo lililozungushiwa matawi ya miiba ili fisi wasilifukue.

Elsie alienda moja kwa moja akapiga magoti. Akaweka kiganja juu ya udongo.

"Gershom," akasema. "Nimekuja, baba Teresia. Nimechelewa, lakini nimekuja."

Nyuma yake akasikia sauti ngeni, kama mtu anayekabwa. Akageuka. Gumato alikuwa amekaa chini, shuka amejifunika uso.

"Usilie hapo," Gumato alisema ndani ya shuka. "Hapo hapana pako pa kulia."

"Mama?"

"Hapo analala Jilo. Mtoto yangu. Mimi nilimzaa. Nilimwosha kwa mikono hii akiwa mdogo, na wanaume walimwosha akiwa amekufa. Mimi najua nani yuko hapo."

Elsie aliondoa kiganja chake juu ya udongo.

"Umeniambia Jilo ndiye aliyechimba. Umeniambia Jilo anakupa pesa."

"Ndiyo."

"Maiti anachimba kaburi? Maiti anatoa sadaka?"

Gumato alifunua uso. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, akitafuta kila neno. Mwanawe Jilo alikuwa ng'ambo kutafuta dawa ya ndama siku mto ulipopanda. Akapanda mtumbwi wa mvushaji mmoja arudi kwa mama yake. Gogo liliwapiga. Siku ya pili mvushaji alitokea pale ng'ombe wanaponyweshwa, ana maji hadi kifuani, na Jilo yuko begani. Alikuwa amembeba usiku kucha, amekwisha kufa, naye hakumwacha.

"Akanilazia mtoto miguuni. Akasema, mama, nilimchukua mzima, nimekuletea hivi. Nikamwuliza, wewe nani, una watu? Akasema, sina mtu. Akachimba mwenyewe. Hakutaka mwingine ashike jembe."

"Halafu?"

"Halafu homa. Siku nyingi. Alipoamka nilikuwa nimeshika kibuyu cha Jilo, kichwa changu hakiko sawa kwa kilio, nikamwambia, Jilo, kunywa. Akanywa. Akaniita mama." Gumato alijipiga kifua kwa ngumi. "Nikamwuliza, nani yuko kaburini? Akasema, Gershom. Gershom alimzamisha mtu, kwa hiyo Gershom amekufa. Mimi nilijua hapana kweli. Mungu alijua mimi najua. Lakini nilikuwa na kaburi moja na mtoto mmoja. Nikanyamaza."

Elsie alisimama. Dunia ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia punda akitafuna.

"Yuko hai," akasema.

"Anachunga."

"Mama Gumato, mume wangu yuko hai?"

Gumato alinyoosha kidole. Vumbi lilikuwa linapanda upande wa magharibi, na kengele za mbao shingoni mwa ng'ombe zilianza kusikika. Ng'ombe walikuja taratibu, weupe, pembe ndefu, na nyuma yao mwanaume aliyefunga shuka kiunoni, fimbo begani, mikono yote miwili imening'inia juu ya fimbo kama wachungaji wafanyavyo.

Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimeota. Lakini mwendo haukubadilika. Alitembea kama mtu aliyesimama mtumbwini, magoti yamelegea, anasikiliza maji.

"Jilo!" Gumato akaita.

"Naam, mama!"

Ilikuwa sauti yake. Elsie alikuwa ameitafuta sauti ile katika usingizi wake hadi akaogopa kuisahau. Hakuweza kujizuia.

"Gershom!"

Mwanaume alisimama. Aliangalia nyuma yake, kisha kulia, kama mtu anayemtafuta aliyeitwa. Halafu akamtazama Elsie. Alimtazama kwa upole, kwa heshima, kama mtu mwema anavyomtazama mgeni aliyefiwa.

Gumato alimkamata Elsie mkono. Kucha zikamwingia nyamani.

"Usimwite jina hilo mara ya pili," akanong'ona. "Mchuuzi mmoja wa ng'ombe alimjua, akamwambia, wewe ndiye Gershom. Akaweka fimbo chini, akaenda mtoni bila kusema neno. Maji yalifika hapa." Akagusa koo lake. "Tulimvuta kwa kamba ya ng'ombe. Mara ya pili kamba haitawahi."

"Nifanye nini?"

"Ukimtaka hai, yeye ni Jilo. Ukimtaka Gershom, utamzika."

Mwanaume alikuwa amefika karibu. Elsie aliona kovu dogo chini ya jicho, lile alilolipata siku ya harusi yao alipojigonga mlangoni kwa haraka. Aliona vidole alivyovijua kimoja kimoja. Vidole vile vilinyoosha fimbo kuelekea kwenye rundo la udongo na miiba.

"Gershom yuko pale, dada," akasema. "Umekuja kumwombea?"